Mirija ya kijivu ya mililita 10 kwa damu ya uchunguzi wa sumu: tathmini kutoka Lubumbashi

Mirija ya kioo yenye kifuniko cha kijivu, inayouzwa katika duka moja la vifaa vya maabara katikati ya Lubumbashi, naipendekeza kwa kila daktari anayechukua damu ya marehemu anayeshukiwa kufa kwa sumu, mradi asome kwanza maandishi ya ubavuni. Kila mrija una miligramu 100 za floridi ya sodiamu na miligramu 20 za oksaleti ya potasiamu, inayozuia damu kuganda, yaani floridi ya takriban asilimia 1 mrija ukijazwa sawasawa, na kiasi hicho huwazuia vijidudu kutengeneza pombe ndani ya damu iliyokwisha kuchukuliwa. Katika joto la Oktoba, damu isiyohifadhiwa vizuri inaweza kuonyesha pombe ambayo marehemu hakuinywa, na familia ikabebeshwa aibu isiyo yake.

Muuzaji alinipa kwanza mirija midogo ya kupimia sukari, akisisitiza kwamba kijivu ni kijivu tu. Sivyo hata kidogo, kwa kuwa floridi yake ni kama robo ya ile inayohitajika. Mirija yenye jeli nayo iachwe kabisa, kwa maana jeli hufyonza baadhi ya dawa.

Unga mweupe ulioganda chini ya mrija huyeyuka vizuri ukiupindua taratibu mara nane hadi kumi, na kifuniko hakivuji hata mrija ukilazwa. Naijaza damu ya mshipa wa paja, wala si ya moyo, kwa sababu baada ya kifo dawa nyingi huhama kutoka kwenye ini na mapafu na kuongeza kipimo cha damu ya moyoni. Floridi, hata hivyo, haiondoi pombe iliyotengenezwa mwilini kabla ya uchunguzi, kwa hiyo maji ya jicho, ambayo vijidudu huchelewa kuyafikia, yachukuliwe pia kwa kulinganisha, kwenye mrija wake.

Kasoro kubwa ni lebo. Nafasi ya kuandikia haitoshi jina, tarehe, saa na mahali damu ilipotolewa, na gundi yake huachia mrija unapotoka jasho baada ya kutolewa kwenye friji ya nyuzi 4. Kwa kielelezo kitakachofika mahakamani, hilo ni tatizo zito. Mimi huzungushia utepe wa plasta na kutia saini juu yake.

Bei ni ya juu kuliko ya mirija ya kawaida, lakini muuzaji hukubali kufungua katoni ili uone tarehe ya mwisho wa matumizi kabla hujalipa.