Mipangilio Kwanza, Gemu Baadaye: Uzoefu Wangu wa Kucheza na Kidole Kinachouma

Siku hizi nikipata gemu mpya sianzi kucheza. Naingia kwenye mipangilio kwanza, nakaa humo kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga: hiki kinafunguka, hiki hakifungi, hiki kipo kwa jina tu. Sababu ni kidole gumba cha mkono wa kulia. Kano zake zina matatizo ya muda mrefu, na daktari alishanikataza kukitumikisha kwa kasi. Sasa gemu nyingi zimejengwa juu ya kasi hiyohiyo. Bonyeza harakaharaka mlango ufunguke, bonyeza zaidi adui akuachie shingo. Kwa mwenye mikono mizima huo ni msisimko wa sekunde chache. Mimi hulala nimefunga barafu mkononi.

Naandika kwa sababu tathmini nyingi ninazosoma hulimaliza suala la ugumu kwa sentensi moja: "ina rahisi, wastani na ngumu." Ngazi hizo tatu hazinifai kitu. Nikichagua rahisi, maadui wanakuwa mazezeta na risasi zinajaa mfukoni, lakini ule mlango bado unataka kidole kilekile kipige kwa kasi ileile. Nikichagua ngumu, napata adui mwerevu ninayemtaka, na mlango uko palepale. Mimi si mchezaji mbovu. Napenda kupanga hila, kuvizia, kuhesabu risasi. Kichwa hakihitaji kuhurumiwa hata kidogo, ni kidole tu. Gemu inayofunga vitu hivyo viwili kwenye swichi moja inanitaka nichague kati ya kuboreka na kuumia.

Gemu niliyokaa nayo muda mrefu zaidi ni Celeste, ya mwaka 2018. Unamwongoza msichana anayepanda mlima, chumba baada ya chumba, na kila chumba ni mtego wa miiba na majukwaa yanayoporomoka. Ni ngumu kwa makusudi. Unakufa ovyo, na kila ukifa unarudishwa papo hapo mwanzo wa chumba ulichomo, hata muda wa kukasirika hupati. Haina ngazi za ugumu. Badala yake ina hali ya usaidizi yenye swichi mojamoja: kasi ya gemu, ambayo unaishusha kwa asilimia 10 kila hatua hadi kufikia nusu, kutochoka unapong'ang'ania ukuta, kuongeza idadi ya mara unazoweza kuchomoka ukiwa angani, kutokufa kabisa, na hata kuruka sura nzima ukiona imekushinda.

Mimi nilitulia kwenye asilimia 80. Sura ya nne ina vyumba vya upepo ambapo unaruka huku unasukumwa nyuma, inabidi uchomoke kwa mshazari kisha ushike ukuta kabla hujapeperushwa kwenye miiba. Kwa kasi kamili naona kabisa njia ninayotakiwa kupita, ila kidole kinafika kimechelewa. Kwa asilimia 80 jicho na kidole vinafika pamoja. Bado nakufa, tena sana, lakini nakufa kwa ujinga wangu mwenyewe na sio kwa sababu ya kano. Nilijaribu 70, nikaona utamu umepungua, nikarudi. Swichi ya kutokufa sijawahi kuigusa, na sioni tatizo kwa anayeigusa.

Kuna kingine ambacho watu hawakitaji. Kushika ukuta kwa kawaida unabana kitufe muda wote unapopanda. Kwenye mipangilio ya kawaida unaweza kubadilisha: ubonyeze mara moja ashike, ubonyeze tena aachie. Hilo halimo hata kwenye usaidizi. Limewekwa pamoja na mambo ya sauti na skrini, kama jambo la kila siku, na ndivyo linavyotakiwa kuwa. Hata maelezo ya ile hali ya usaidizi yalirekebishwa. Mwanzoni yalikuwa yanakushauri ucheze bila usaidizi mara ya kwanza, baadaye watengenezaji wakauondoa ushauri huo. Ni badiliko dogo, ila linapimika vizuri ukikumbuka tulikotoka. Kwenye Wolfenstein 3D ya mwaka 1992, ukiteua ngazi ya chini kabisa unaonyeshwa uso wa shujaa amevaa kofia ya mtoto mchanga na chuchu ya plastiki mdomoni. Yaani unadhihakiwa kabla hujafyatua risasi ya kwanza.

Halafu The Last of Us Part II, gemu ya kunyatia na kupigana ya mwaka 2020. Hii ina mipangilio zaidi ya 60 kwa ajili ya watu wenye mahitaji tofauti, na mwaka huohuo ndiyo iliyoshinda tuzo ya ubunifu wa ufikivu, yaani kuifanya gemu ichezeke na watu wa kila hali, kwenye The Game Awards, tuzo za gemu za kila mwaka, kipengele hicho kilipoanzishwa kwa mara ya kwanza. Namba 60 inatisha, lakini hulazimiki kupita kwenye zote. Kuna vifurushi vitatu vilivyopangwa tayari: kwa matatizo ya kuona, ya kusikia na ya viungo. Nilichukua cha viungo, kisha nikaanza kupunguza nisichokihitaji.

Kilichonifurahisha ni jinsi ugumu wenyewe ulivyovunjwa vipande vitano, kila kimoja na ngazi zake: mchezaji, maadui, wenzako, kujificha na upatikanaji wa vifaa. Kwa hiyo nimeweka maadui wakali na vifaa vichache. Kisha kwenye udhibiti nimeweka kulenga kujielekeze kwenyewe kwa adui, na kila pahala pa kubonyeza mfululizo pawe pa kubana tu. Matokeo yake ni gemu ambayo sijaipata kwenye "rahisi" wala "ngumu" ya mtu yeyote. Nimelala kwenye nyasi nina risasi mbili, walinzi wanaitana kwa majina, nasikiliza nani anakwenda wapi, jasho linanitoka. Ninapoamua kufyatua, kulenga hakunisumbui. Ugumu umebaki upande wa kufikiri, nilikoutaka.

Kuna pia hali ya rangi kali: unatelezesha kidole kushoto kwenye kibao cha mguso cha pedi, kile kifaa cha vitufe unachoshika mkononi, mazingira yote yanageuka kijivu, maadui wanakuwa wekundu, wenzako bluu na vitu vya kuokota njano. Imewekwa kwa ajili ya wenye uoni hafifu. Mimi macho yangu ni mazima, lakini nakiri naiwasha nikichoka kutafuta mkasi kwenye makabati yenye giza.

Hades, gemu ya mapigano ya mwaka 2020, naitaja kwa sababu marafiki wananiuliza kila mara. Ile hali yake ya kulindwa inaanza kwa kukupunguzia madhara asilimia 20, na kila ukifa inaongeza 2, hadi mwisho 80. Akili yake ni nzuri mno: inakufuata taratibu mpaka mnakutana, na hakuna sehemu ya hadithi inayofungwa kwa sababu umeiwasha. Ila ni tiba ya ugonjwa mwingine. Imemlenga anayekufa haraka, na mimi shida yangu haikuwa kufa.

Sasa kwa upande wa machungu. Gemu moja ya mapambano, sitaitaja, ina swichi imeandikwa wazi kwamba utabana badala ya kubonyeza mfululizo. Nikashukuru, nikaiwasha. Ikafanya kazi kwenye milango, ikafanya kazi kwenye masanduku, nikafika kwa bosi wa kwanza, yaani yule adui mkubwa wa mwisho wa hatua. Akanidaka, skrini ikaniletea kitufe kinachopepesa, nikabana kwa utulivu kabisa, na akanivunja mgongo nikiwa nimebana. Kumbe swichi haimhusu yeye. Mtu aliyeweka hiyo mipangilio alijua tatizo lipo, akalitatua kila mahali isipokuwa pale linapouma. Nyingine ilikuwa na ukubwa wa maandishi wa aina tatu, na "kubwa" yake ilikuwa ndogo kuliko ya kawaida ya gemu nyingine. Na hiyohiyo haikuruhusu kufungua menyu mpaka umalize utangulizi mrefu, ambao una maandishi, na una kubonyeza harakaharaka. Anayehitaji menyu ndiye asiyeweza kuifikia.

Mdogo wangu hatofautishi nyekundu na kijani, na yeye ana kesi zake. Tulicheza gemu ya kupanga vito ambayo "hali ya wasioona rangi" yake ilikuwa kumwaga rangi juu ya skrini nzima, mpaka anga likawa zambarau na vito viwili vilevile vikabaki vinafanana. Angepewa nafasi ya kuchagua rangi mwenyewe, au kila kito kikawa na umbo lake, basi. Na sio tatizo la watu wachache: kwa wanaume wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya ni karibu mmoja kati ya 12.

Kuna watu watasema kurahisisha kunaharibu gemu. Nawaelewa zaidi wanavyodhani. Kuna gemu zinazosifika kwa ugumu wake: Sekiro ya mwaka 2019 haina ngazi za ugumu, Elden Ring ya 2022 nayo haina, na mimi siombi ziwekewe. Elden Ring angalau inakuachia njia zake za ndani: unaita roho zikusaidie, unamwita mchezaji mwingine, au unaachana na bosi unakwenda kujijenga kwingine. Ninachodai ni kidogo kuliko "rahisi". Niruhusu kuhamisha vitufe vyote, niruhusu kubana kuwe kubonyeza na kubonyeza kuwe kubana. Baada ya hapo nipige unavyotaka. Kama Forza Motorsport ya mwaka 2023 imeweza kuwekewa sauti za kumwongoza asiyeona kabisa akaendesha gari kwa kusikiliza, na bado mashindano ni mashindano, sioni kitufe changu kimoja kitamwaga heshima ya nani.

Kwa aliye kama mimi na gemu yake haina lolote: konsoli nyingi za sasa, yaani mashine za kuchezea gemu kama Xbox na PlayStation, zinakuruhusu kupanga vitufe upya kwenye mfumo wenyewe, nje ya gemu. Mimi kitufe cha kushambulia nimekihamishia nyuma ya pedi, upande wa kushoto, kidole cha shahada kinafanya kazi ya gumba. Kasoro yake ni kwamba gemu haijui umehamisha, kwa hiyo skrini inaendelea kukuonyesha alama ya zamani. Wiki za kwanza unachanganyikiwa, hasa kwenye vile vitendo vya ghafla, kisha kichwa kinazoea. Ukibadilisha gemu kumbuka kurudisha, maana mpangilio unazihusu gemu zote.

Na kabla ya kulipa, angalia lebo. Duka la Xbox lilianza kuonyesha lebo za ufikivu mwaka 2021, na PlayStation ikaleta zake kwa konsoli yake ya PS5 mwaka 2023. Unafungua ukurasa wa gemu unaona kama ina maandishi ya mazungumzo, kama vitufe vinahamishika, kama kuna ngazi za ugumu. Zimenisaidia kuchuja, lakini lebo inakuambia kitu kipo, haikuambii kinafanya kazi mpaka wapi. Yule bosi aliyenivunja mgongo angepita kwenye lebo bila shida. Kwa hiyo baada ya lebo natafuta video ya mtu aliyeipitia menyu yote mpaka mwisho, na nikiikosa nasubiri gemu ikae sokoni mwezi mmoja hivi, ipate masasisho, ndipo niamue.