Mwaka mmoja na cherehani ya matandiko ya farasi

Kabla ya hii nilikuwa na cherehani ya fundi nguo ambayo muuzaji aliniapia kuwa inashona ngozi. Kweli ilishona, ngozi ya pochi. Siku niliyoipa tabaka mbili za mkanda wa tandiko la farasi, ilivunja sindano tatu hata shubiri moja haijaisha.

Niliyonayo sasa ni ya mkono wa bomba, yaani mkono wa chini ni mviringo kama bomba, nakala ya muundo wa Juki TSC-441, cherehani ya ngozi nene. Sindano, mguu unaokandamiza ngozi na meno ya kuivuta kwa chini vinasogea pamoja, basi ngozi ya juu haiachani na ya chini njiani. Uzi mnene, namba 277, inaumeza bila kunung'unika, mradi sindano iwe namba 25, tena ile ya ncha inayokata ngozi, si ya kitambaa.

Kilichonitesa ni mota. Ilikuja na ya klachi, ile inayozunguka muda wote na kushika mashine ukikanyaga. Ukigusa kanyagio tu, imeshakimbia. Ubawa mzima wa tandiko niliuharibu hivyo, nikakaa nikiutazama kama mtu aliyefiwa. Nikafunga mota ya sevo, inayofuata mwendo wa mguu wako, na puli ya kupunguza mwendo. Sasa inatoboa tundu moja moja, na kwenye kona nazungusha gurudumu kwa mkono.

Malalamiko? Meno huacha makovu upande wa chini, kwa hiyo upande wa kuonekana uwe juu daima. Na kwenye ngozi nyembamba fundo la uzi mnene halipati pa kujificha, linachungulia. Hapo nashuka hadi uzi namba 138 na sindano namba 23, kisha nalegeza kibana uzi. Jaribu kwanza kwenye kipande cha ngozi ileile.

Mikanda inayoshikilia tandiko tumboni mwa farasi bado naishona kwa mkono, kwa msharasi (chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi), sindano mbili na uzi mmoja uliopakwa nta. Mshono wa cherehani ni nyuzi mbili zilizonasana katikati ya ngozi. Ukikatika mmoja, ule wa pili hauna cha kushika. Wa mkono, kila upande wa uzi umepita kila tundu, hivyo mmoja ukikatika mwenzake bado anabeba.

Mteja mmoja aliniuliza kwa nini nachelewa na mashine ninayo. Nilimwonyesha mkanda wa zamani aliouleta mwenyewe, uliofumuka kuanzia kwenye mshono mmoja. Akaniambia nichukue muda wangu.