Kozi ya video ya upumuaji wa mtoto tumboni: somo tamu, ila panya kageuzwa binadamu

Haya, mliokuwa mnaniuliza ile kozi ya mtandaoni ya ubongo na upumuaji wa mtoto kabla hajazaliwa kama inafaa kulipia, mimi nasema inafaa, nyota nne kati ya tano, ila soma kwanza nilichokutana nacho.

Wanaanza na klipu ya ultrasaundi, na hapo tu walishanikamata. Mtoto yuko kwenye maji, hewa hakuna, lakini kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kinashuka, kifua kinabonyea ndani na tumbo linatokeza nje, mara anaacha, anakaa kimya, anaanza tena. Kumbe mazoezi haya huonekana kuanzia kama wiki ya 10 ya mimba, na mapafu yanayahitaji ili yakue, yakikosekana mtoto anazaliwa na mapafu madogo yasiyotosha.

Kisha wanaingia kwenye shina la ubongo, kwenye kundi la seli linaloitwa preBötzinger lililoelezwa mwaka 1991, ndilo linalopiga mdundo wa kuvuta pumzi. Hapo ndipo vipokezi vinapoingia, yaani milango ya seli inayopokea kemikali, na sehemu ya GABA peke yake imerudisha hela yangu yote. Sote tumekaririshwa GABA, kemikali ya ubongo, inatuliza seli za neva, sasa kwa mtoto wa tumboni mambo ni kinyume kabisa, seli zake zimejaa kloridi (chembe zenye chaji hasi) ndani, kwa hiyo kipokezi kikifunguka kloridi inatoka badala ya kuingia na seli inachangamka! Baadaye pampu ya kutoa kloridi ikishakomaa ndiyo GABA inakuwa breki kama tunavyoijua. Katuni yao inaonyesha mlango uleule, kemikali ileile, kilichobadilika ni nani yuko upande gani. Niliirudia mara kadhaa, siyo kwa kutoelewa, raha tu.

Ya oksijeni nayo wameitendea haki. Mtu mzima oksijeni ikipungua anahema zaidi, mtoto wa tumboni anapunguza au anaacha kabisa, maana kuhema kule kunakula nguvu na hakumletei oksijeni yoyote, yake inatoka kwa mama. Vipokezi vya adenosini, kemikali ya mwili inayopunguza kupumua kwa mtoto, vina mkono hapo, na ndiyo sababu njiti wanaosahau kupumua madaktari huwapa kafeini, inaziba vipokezi hivyo. (Ni dawa ya hospitali hiyo, msije mkasema nimewashauri kahawa.)

Sasa lawama. Kwenye somo la ratiba mwalimu anasema mdundo unaanza "siku ya 15 na nusu" na anapita kama hakuna kilichotokea. Ya nani? Ya panya bwana! Mimba ya panya mdogo wa maabara ni kama siku 19 au 20 tu. Binadamu siku ya 15 hata ubongo wenyewe haujaanza kuumbika, na mchoro ulio pembeni ni wa mimba ya binadamu, yaani mwanafunzi wa ukunga akibeba namba hiyo hadi kwenye mtihani amekwisha. Niliwaandikia, nikajibiwa asante kwa maoni yako, video iko vilevile.

Vipokezi vya opioidi (dawa kali za maumivu jamii ya mofini) wamevipitia mbiombio, nikaona ni uzembe, kwa sababu hapo ndipo somo linagusa wodi moja kwa moja: mama akichomwa pethidini, mojawapo ya dawa hizo, karibu na kujifungua, dawa inavuka kondo na mtoto anaweza kutoka akiwa mzito kupumua. Dakika mbili tu! Huku utangulizi wa mwalimu kujisifia umekula muda kibao.

Maswali ya mwisho wa kila somo ni ya kukariri, yaruke. Sauti safi, maandishi ya chini yanachelewa kidogo. Kama unasoma uuguzi, ukunga au udaktari lipia, ila ratiba zote za siku zihakiki mwenyewe kwenye kitabu, na kama huna msingi wowote wa seli za neva anza na somo lao la bure kwanza, la sivyo kwenye kloridi utaachwa.