Kafi la mbao ulipake nini? Chaguo bora hadi la kuachana nalo

Kafi la kayaki kwa Dar linauawa na jua kabla ya chumvi. Mionzi inachakaza utando wa juu, unapasuka, maji yanapenya, mbao inaanza weusi. Kwa hiyo ukifika dukani Kariakoo, muulize muuzaji kama dawa yake inahimili jua. Maji karibu zote zinazuia.

Ya kwanza kwangu ni vanishi ya boti. Ina vizuia mionzi, tena haikauki ikawa ngumu sana, kwa hiyo mbao ikivimba na kunywea nayo inafuata. Mkono wa kwanza wa vanishi uzimue kwa tina (kiyeyusha rangi), kisha paka mingine mitatu au minne, kila ukikauka piga msasa laini, namba 220 kwenda juu. Ncha ya bapa ndiyo inayogonga mawe ukitia nanga kisiwani Mbudya, iongezee mkono. Kama kafi ni la mtiki, lifute kwanza kwa tina, maana mbao hiyo ina mafuta yake na vanishi inaweza kubanduka. Kopo ni ghali, ila robo lita inatosha kafi zima.

Mpini usiuvanishi. Utando unaong'aa ukilowa unateleza, na viganja vinatoka malengelenge. Hapo weka namba mbili: mafuta ya kitani yaliyochemshwa. Paka, acha yanywe kama nusu saa, futa yaliyobaki. Mabichi yatakuchosha kusubiri yakauke. Kasoro yake ni kwamba hayakingi jua vya kutosha, na masika yanaota ukungu, hivyo utarudia rudia. Na matambara uliyofutia usiyafinyange ukayatupa kona ya stoo: yanaweza kuwaka yenyewe. Yaloweke kwenye ndoo ya maji.

Epoksi, gundi ya kuchanganya vimiminika viwili, ni ya tatu. Ni ngumu kweli, inafaa bapa lililochubuka, lakini vipimo vikikosewa haigandi, na kwa joto letu inaganda koponi ukiwa bado unatafuta brashi. Isitoshe jua linaigeuza njano, kwa hiyo vanishi juu yake iko palepale.

Vanishi ya fenicha ndiyo ya bei rahisi kuliko zote. Iache kwa makabati.

Sifa, yaani mafuta ya ini la papa wanayopaka majahazi, inafanya kazi, mradi abiria wako wavumilie harufu. Mafuta ya nazi hayakauki kabisa. Yatakusanya mchanga tu.