Programu huria za kuhakiki rekodi za niuroni: ipi uanze nayo

Programu hizi hupakuliwa bure, kwa hiyo gharama usiitafute kwenye leseni. Iko kwenye muda wa kujifunza na nafasi ya diski. Probu moja (sindano nyembamba ya kurekodia ubongoni) ya Neuropixels 1.0 hurekodi chaneli 384 kwa sampuli 30,000 kila sekunde. Saa moja tu inakula takribani gigabaiti 83. Programu inayotaka kumeza faili zima kwenye RAM, achana nayo mapema.

Kingine ninachokitazama kuliko uzuri wa skrini: spaiki ni mipigo ya umeme ya niuroni (seli za neva), na kompyuta huigawa katika makundi, kila kundi likidhaniwa ni niuroni moja. Ukiamua kwamba makundi mawili ya spaiki ni niuroni moja, uamuzi huo unaandikwa wapi, na mwenzako ataweza kuukagua?

Kwa kigezo hicho namba moja ni SpikeInterface pamoja na spikeinterface-gui. Inasoma matokeo ya programu nyingi za kupanga spaiki katika makundi hayo, na kukokotoa vipimo vya ubora. Ukiunganisha, ukifuta au ukitia lebo, maamuzi yako yanakaa pembeni kwenye faili la maandishi la JSON, na matokeo ya awali hayaguswi. Ila lugha ya Python uwe unaijua.

Namba mbili ni phy, iliyozoeleka kwa watumiaji wa Kilosort, mojawapo ya programu za kupanga spaiki. Kwa wepesi wa mikono naiweka mbele ya zote: herufi G inaunganisha, K inagawa, na korelogramu (grafu ya muda unaopita kati ya spaiki na spaiki) iko mbele ya macho muda wote. Hapo ndipo penye kazi yenyewe. Niuroni ikishapiga, haiwezi kupiga tena papo hapo, kwa hiyo korelogramu ya kundi safi huwa na bonde katikati, la milisekunde moja au mbili. Bonde likijaa, umechanganya niuroni. Na bonde hilo likijitokeza kwenye korelogramu ya kundi moja dhidi ya lingine, kati ya makundi mawili yenye mawimbi ya umbo moja, huku moja likififia pale lingine linapoanza, shuku kwamba probu imesogea na niuroni moja imekatwa vipande viwili. Kasoro ya phy ni kwamba ukihifadhi, faili la spike_clusters.npy linaandikwa upya juu ya lile la zamani. Nakili folda kabla hujaifungua, kila mara.

CellExplorer ni ya tatu. Kuainisha aina za seli inakuweza hasa, lakini inaendeshwa ndani ya MATLAB, ambayo ni ya kulipia. Huo kwangu ni uhuria wa nusu.

Neurosift nimeiweka mwisho kwa sababu tu ni ya kutazamia zaidi kuliko kuhakikia. Inafungua faili za NWB (muundo wa kuhifadhi data za niuroni) zilizoko kwenye DANDI, hifadhi ya data ya mtandaoni, moja kwa moja kwenye kivinjari, bila kupakua zote, na kabla hujajaza diski kwa data ya watu wengine, hiyo ni huduma kubwa.

Na kama una video ya mnyama unayotaka kuiona sambamba na mawimbi, usihangaike na hizo nne, chukua ephyviewer.