Gari la kulala lililokuwa la kukodisha: lipi ununue, lipi uliache, kwa sisi wa Malindi

Kila mwaka ifikapo Mei, masika yameshika na hoteli nyingi za Malindi zimefunga kungoja wageni wa Julai, magari ya kukodisha huanza kubandikwa karatasi za "Linauzwa". Msimu huo simu yangu hailali. Swali ni lile lile: hili la kampuni, lenye hema juu ya paa na jiko nyuma, nilichukue au niliache?

Nasema lichukue, mradi miaka yake limelala bara, si pwani. Wanunuzi wengi hukimbilia kutazama kilomita. Mimi naogopa chumvi kuliko kilomita, na nina sababu.

Gari langu la kwanza la aina hii nililinunua hapa hapa mjini, van ya watalii yenye paa la kuinuka. Injini ilikuwa nzuri, viti vimeoshwa vikatakata, na chasisi imepakwa rangi nyeusi inayong'aa. Baada ya miezi mitatu nikalipeleka kwa fundi wangu, mzee mmoja wa Kisumu Ndogo, abadilishe bushi. Akalala chini, akachukua bisibisi, akaisukuma kwenye chasisi nyuma ya gurudumu la kushoto. Ikazama hadi mpini. Alipoichomoa likadondoka bamba la kutu la ukubwa wa kiganja, tabaka juu ya tabaka kama mkate wa kusukuma. "Mwanangu," akaniambia, "hapa ulinunua rangi." Kuchomelea chasisi kulinila robo nzima ya bei niliyolipa.

Kabla ya kupanga lipi la kwanza, piga hesabu moja. Chukua kodi ya siku moja, uzidishe kwa siku ambazo kweli utalala ndani ya gari kwa mwaka, kisha uilinganishe na gharama za kumiliki: bima, matairi, sevisi na siku litakazokaa juani bila kazi. Mtu wa safari mbili kwa mwaka, Krismasi na Agosti, aendelee kukodi. Ninayoandika hapa ni kwa yule mwenye familia inayotoka kila mwezi, au anayetaka kulifanyia biashara.

La kwanza: Land Cruiser ya kampuni ya Nairobi, yenye hema la paa

Hili ndilo chaguo langu, hata kama itabidi upande basi la usiku kwenda kulitazama. Tafuta lile la mfululizo wa 70 lenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda sita, isiyo na turbo. Haina kasi, ila hapa Malindi mafundi wanaijua kama wanavyojua njia ya nyumbani, na spea zake utazipata hata miji midogo. Gari la kampuni ya bara limekula kilomita nyingi, ni kweli, lakini limezila kavu.

Muulize muuzaji mambo mawili. Kwanza, mkanda wa taiming ulibadilishwa lini? Injini hii huhitaji mkanda mpya takriban kila kilomita 100,000, na kampuni nyingi hupenda kuuza gari kabla ya gharama kubwa kama hiyo. Pili, mbona mnaliuza sasa? Mkweli atakujibu moja kwa moja: matairi yamekwisha, klachi imechoka, au tumeleta jipya. Yoyote kati ya hizo ni sababu halali, mradi ishuke kwenye bei.

Hema lenyewe lifungue lote, usikubali kuoneshwa nusu. Nusa godoro. Vuta zipu zote kwenda na kurudi, kisha ingia ndani ufunge ukiwa juani: ukiona vitobo vya mwanga kwenye mishono, maji ya masika yatapita humo humo. Tazama pia kerio ya paa mahali ilipochomelewa. Barabara za changarawe za Tsavo zina mawimbi yanayotikisa gari siku nzima, na uzito wa hema huishia kwenye zile chomeleo.

La pili: van ya watalii, ukaijenge mwenyewe

HiAce yenye paa la kuinuka, ukatoa viti vya nyuma, fundi seremala akakutengenezea kitanda cha mbao chenye makabati chini. Hii ndiyo rahisi kuliko zote kwa mtu wa kawaida, na mjini haikupi shida ya maegesho. Kwenye matope ya Langobaya wakati wa mvua haitakufikisha, hilo lijue mapema.

Kama ni dizeli ya 1KD, isikilize injini fundi akiiwasha asubuhi ikiwa baridi. Mngurumo wa kugongagonga na moshi mweupe ni dalili za injekta (zile sindano za kunyunyiza mafuta) kuharibika, na injekta za injini hii ni ghali. Mpira unaozunguka paa la kuinuka nao ukaguliwe kwa kidole. Ukishapasuka, maji hushuka ndani ya kuta na hutayaona mpaka sakafu ianze kuoza.

Ukibadilisha viti kuwa kitanda, lipeleke gari likaguliwe na maelezo yabadilishwe kwenye logbuku, ile hati ya umiliki. Ajali ikitokea na logbuku bado inasema viti tisa vya abiria, bima itakusumbua.

La tatu: gari kamili la kulala, lenye choo na jiko la ndani

Haya ni machache Kenya, na mengi hutoka Japani. Kule Toyota hutengeneza chasisi maalumu iitwayo Camroad kwa ajili ya magari ya namna hii. Ni mazuri kutazama, na watoto wataling'ang'ania. Hata hivyo nimeliweka la tatu kwa sababu ya mambo yaliyo ndani. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 240. Ukichomeka vibaya siku moja unaunguza kila kitu. Friji za kutumia gesi hushindwa kupooza vizuri kwenye joto kama letu la Februari, na hutaka gari lisimame mahali tambarare. Kuta nyingi zina fremu ya mbao iliyofunikwa: bonyeza kila pembe kwa kidole gumba, hasa chini ya madirisha. Ikibonyea, ondoka. Mabomba ya gesi yapake povu la sabuni ukiwa umefungua mtungi, utazame kama linapuliza mapovu.

Ukitaka kuagiza mwenyewe badala ya kununua la kampuni, kumbuka Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na usukani sharti uwe kulia. Ndiyo maana magari ya kulala ya Italia, yenye usukani kushoto, ambayo marafiki wengi Waitaliano wa Malindi wangependa kutuuzia, hayasajiliki hapa. Usilipe hata arubuni.

La mwisho: gari la kampuni ya hapa pwani, lililolala ufukweni

Siyo kwamba wenzetu ni wabaya. Upepo wa bahari ndio ulivyo, na madereva wa kukodi hupenda kuteremka mchangani kupiga picha mawimbi yakigusa matairi. Ukilipenda, nenda na sumaku ndogo uipitishe kwenye bodi: isiposhika, hapo pamejazwa na kupakwa rangi. Na nenda na bisibisi. Muuzaji anayekataa usiguse chasisi amekwisha kukujibu.

Sasa karatasi, mahali ambapo watu hulia zaidi kuliko kwenye injini. Magari mengi ya kampuni yalinunuliwa kwa mkopo, na logbuku ina jina la benki pamoja na la kampuni. Toa rekodi ya gari kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, kwenye tovuti ya serikali ya eCitizen kabla ya kutoa shilingi moja. Herufi za namba ya gari hukueleza lilisajiliwa lini Kenya, siyo lilitengenezwa lini. KDA kwa mfano ilianza 2020, lakini gari lenyewe laweza kuwa na miaka saba zaidi.

Kuna jambo wanunuzi wengi hawalijui. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inatoa msamaha wa ushuru kwa baadhi ya magari yaliyotengenezwa mahsusi kubeba watalii, yakiagizwa na kampuni zenye leseni. Gari hilo likitoka kwenye matumizi hayo likaingia mikononi mwako kwa matumizi ya nyumbani, ushuru hudaiwa. Dai risiti ya ushuru uliolipwa, au mkataba unaosema wazi kwamba muuzaji ndiye atakayeulipa kabla ya kuhamisha umiliki. Ahadi ya mdomo usiipokee, hata kwa mtu mnayeswali naye safu moja.

Na kwa kuwa ni gari la kukodisha, likodi. Siku mbili, usiku mmoja, mkubaliane kodi itakatwa kwenye bei ukilinunua. Nenda nalo Marafa au mpaka lango la Sala, kilomita mia na kitu kutoka hapa, pika chakula cha jioni ndani yake, lala. Jioni egesha kwenye mchanga mweupe uliokauka. Asubuhi, kabla ya chai, lisogeze mbele hatua kumi, kisha rudi ukachuchumae pale liliposimama usiku kucha, utazame limeacha nini.