Kaseti za Soka za Zamani: Ipi Ununue Kwanza

Kabla hujatoa hela, tazama mashine ya gemu uliyonayo. Kaseti ya NES, mashine ya Nintendo, ina pini 72, ilhali zile "TV game" zilizojaa mitaani kwetu nyingi ni nakala za Famicom, yaani NES ya Kijapani, tundu lake pini 60. Haiingii bila adapta, hata uibembeleze vipi.

Namba moja kwangu ni International Superstar Soccer Deluxe ya Konami, 1995, toleo la mashine ya Super Nintendo. Timu za taifa 36, pasi inafika ulikoikusudia, na majina yote ni ya kubuni. Allejo wa Brazil akigusa tu mpira, mwenzako anaanza kulalamika. Nimewahi kukesha nayo mbele ya TV ya kichogo, na sijutii.

Ya pili, Sensible Soccer. Unautazama uwanja kutoka juu, wachezaji wadogo kama sisimizi. Mpira haugandi mguuni, na ukishaupiga bado unaweza kuupinda hewani. Mgeni ataichukia siku ya kwanza, mpe wiki.

Kama nyumbani kuna watoto, ruka hizo mbili uchukue Nintendo World Cup ya 1990. Sita kwa sita, hakuna faulo, unampiga mtu kikumbo analala chini. Kameruni imo! Ukipata na kifaa cha Four Score, wanacheza wanne kwa pamoja.

FIFA International Soccer ya Mega Drive, mashine ya Sega, 1993, wengi huikimbilia kwa sababu ya jina. Ile kamera ya kimshazari ilikuwa jambo jipya, na kumkimbia refa mwenye kadi bado kunachekesha. Lakini simama mbele ya kipa anapopiga mpira: unakugonga, unarudi golini. Mwenzako akishaijua hila hiyo, mechi imeharibika. Iliuzwa sana, kwa hiyo usikubali kuuziwa kwa bei ya kitu adimu.

Pelé's Soccer ya mashine ya Atari 2600 ni ya kuweka kabatini. Kila timu ina watu watatu wanaotembea kwa pembetatu kama wamefungwa kamba, pamoja na kipa.

Ukifika kwa muuzaji, nenda na pamba na spiriti ufute pini. Usipulize kwa mdomo, mate huleta kutu. Akikataa kuiwasha uione ikicheza, mwachie kaseti yake.